Mshauri wako naye huongozwa na nani?

Umeketi mbele ya mshauri nasaha ukamweleza yote: ugomvi wa nyumbani, pombe, hata wazo la kujitoa uhai. Unaondoka umepata nafuu. Yeye hubaki na mzigo huo, na mwingine yu mlangoni. Bomu lilipolipuka Nairobi Agosti 7, 1998, na kuua zaidi ya watu 200, washauri walisikiliza majeruhi na waliofiwa siku baada ya siku.

Ndiyo maana mshauri huhitaji msimamizi: mtaalamu mwenye uzoefu ambaye hukutana naye mara kwa mara kupitia kesi ngumu, bila kutaja jina lako. Hapo ndipo hung'amua kwamba amechoka, au kwamba anakushauri uvunje ndoa kwa kuwa yake mwenyewe ilivunjika.

Je, wako anaye? Muulize. Si utovu wa adabu, na akikasirika, tafuta mwingine.