Windows 10 Imefika Mwisho: Njia Nne za Kuokoa Kompyuta Yako

Ukiwasha kompyuta yenye Windows 10 leo, itawaka kama ilivyowaka mwaka jana. Barua itachapwa, picha zitafunguka na printa itatoa karatasi. Ndiyo sababu wakaazi wengi hawajatambua kwamba kuna jambo limebadilika. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Programu hii kuu, inayoendesha kompyuta nzima, ilikuwa sokoni tangu Julai 2015.

Jambo hili linamgusa hata mkaazi asiyekuwa na kompyuta. Tangu tarehe 30 Juni 2023, serikali ya kitaifa ilipozindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, mkaazi wa Sericho, Merti au Oldonyiro anayetaka cheti cha kuzaliwa au cheti cha nidhamu hulazimika kupitia mtandaoni. Wengi huenda saiba. Ikiwa kompyuta ya saiba haina kinga, nywila na nakala za kitambulisho za wateja wote wa siku hiyo ziko hatarini.

Habari njema ni kwamba hakuna haja ya kuitupa kompyuta yako, wala kukimbilia kununua nyingine. Makala haya yanaeleza hatari iliyopo, namna ya kuipima kompyuta yako na njia nne unazoweza kufuata. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni yale utakayoyaona kwenye skrini.

Sasisho ni nini, na kwa nini ni muhimu?

Mfikirie mfugaji anayezunguka boma lake kila jioni na kuziba pengo lolote kwenye ua kwa matawi ya miiba. Siku akiacha, mifugo haitaliwa usiku uo huo. Lakini pengo litatokea, na fisi atalipata kabla ya mwenye boma.

Windows nayo ina mianya ambayo hugunduliwa kila mara. Kwa miaka kumi, Microsoft ilikuwa ikitoa marekebisho ya kuiziba kila mwezi. Mianya bado itaendelea kugunduliwa, lakini kompyuta ya Windows 10 ambayo haikuandikishwa katika mpango wa nyongeza haipati tena marekebisho hayo.

Hatari hii imewahi kuonekana. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya mwanya mmoja mkubwa. Mwezi Mei mwaka huohuo, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipitia mwanya huo na kuingia katika kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga faili za watu na kudai pesa ili zifunguliwe. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Waliokuwa wamesasisha kompyuta zao mapema hawakupitia hasara hiyo.

Je, programu ya kuzuia virusi haitoshi?

Inasaidia, lakini haitoshi. Microsoft Defender, inayokuja na Windows, itaendelea kupata orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Hata hivyo, kazi yake ni kumtambua mwizi akishafika. Haizibi pengo lililo katika Windows yenyewe.

Ipime kompyuta yako kwa dakika tano

1. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Andika winver kisha ubonyeze "Enter". Utaona kama ni Windows 10 au 11, pamoja na toleo lake. Ikiwa ni Windows 10, toleo la mwisho ni 22H2.

2. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "About". Soma mstari wa "Processor". Ikiwa ni ya Intel Core, tazama namba iliyo baada ya kistari. Namba ya tarakimu nne mara nyingi huonyesha kizazi kwa tarakimu ya kwanza: i5-6300U ni kizazi cha 6, na i5-8350U ni kizazi cha 8. Namba ya tarakimu tano kama i5-10210U ni kizazi cha 10. Kwa jumla, Windows 11 hutaka kizazi cha 8 na kuendelea.

3. Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, kisha andika tpm.msc. Tafuta maneno "Specification Version". Yakifuatwa na 2.0, kompyuta ina kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakihitaji. Ukiambiwa hakipatikani, usikate tamaa. Katika kompyuta nyingi kipo ila kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha.

4. Hakikisha RAM ni gigabaiti 4 au zaidi, na diski ni gigabaiti 64 au zaidi.

Ukitaka jibu la moja kwa moja, programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check itakuambia kama kompyuta yako inafaa.

Kabla ya lolote: hifadhi nakala

Usimruhusu mtu yeyote aguse Windows yako kabla ya kunakili faili zako: vyeti vya shule, picha za hatimiliki, hesabu za chama, picha za familia. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine mahali pengine. Ukimaliza kunakili, ichomoe flashi hiyo. Virusi vinavyofunga faili hufunga pia zilizo kwenye flashi iliyochomekwa.

Njia ya kwanza: panda hadi Windows 11

Kama kompyuta yako imepita kipimo na Windows 10 yake ni halali, kupanda ni bure. Fungua "Settings", "Update & Security", kisha "Windows Update".

Kupakua Windows 11 hula gigabaiti kadhaa za bando. Shule, vikundi na saiba zenye kompyuta nyingi zinaweza kupunguza gharama: pakua mara moja kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool, iweke kwenye flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, kisha utumie flashi hiyohiyo kwa kompyuta zote zinazofaa. Chaji laptopu ijae kabla ya kuanza. Kwa kompyuta ya mezani, tumia UPS, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kazi Windows inaweza kuharibika.

Jihadhari na fundi anayeahidi kuingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye kompyuta isiyofaa. Inawezekana, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba kompyuta ya aina hiyo itaendelea kupata masasisho. Unaweza kulipa, kisha urudi palepale ulipoanzia.

Njia ya pili: omba mwaka mmoja wa nyongeza

Kwa kompyuta ya mtu binafsi isiyoweza kupanda, Microsoft imeweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Sharti ni kuwa na toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft. Kuna njia tatu za kujiunga: kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako, jambo lisilo na malipo, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30 za Marekani mara moja. Akaunti moja inaweza kuandikisha hadi kompyuta 10.

Nenda "Settings", "Update & Security", "Windows Update", kisha ubofye "Enroll now". Usipoyaona maneno hayo, sasisha kwanza kompyuta hadi toleo la 22H2.

Mpango huu si wa kompyuta za ofisi na biashara. Hizo zina mpango wao wa kulipia, ambao bei yake hupanda kila mwaka. Mwenye saiba apige hesabu vizuri kabla ya kuuchagua. Yeyote anayejiunga akumbuke kwamba amenunua muda wa kujipanga tu.

Njia ya tatu: weka Linux

Linux ni programu kuu nyingine ya kuendesha kompyuta. Ni ya bure na hupata masasisho yake yenyewe. Zinazomfaa anayeanza ni Linux Mint na Ubuntu, jina lililo ndugu ya neno letu "utu". Linux Mint inaweza kuendesha kompyuta ya RAM ya gigabaiti 2, ingawa gigabaiti 4 ni bora. Kwa hiyo laptopu ya kizazi cha 4 au cha 6, ambayo Windows 11 imeikataa, inaweza kufanya kazi kwa miaka mingine.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Angalia kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Ukiridhika, ndipo uiweke.

Kwa kuchapa barua, hesabu na mawasilisho, kuna LibreOffice, nayo ni ya bure. Tovuti za serikali hufunguka kwenye Firefox au Chrome kama kawaida. Hata hivyo, mafaili ya Excel yenye makro huenda yasifanye kazi ipasavyo kwenye LibreOffice. Mhasibu au mtu anayewajazia wengine fomu za aina hiyo ajaribu kazi yake yote kwanza, au abaki na kompyuta moja ya Windows 11.

Njia ya nne: iondoe kwenye intaneti

Kompyuta ya kuchapa na kutoa nakala tu inaweza kubaki na Windows 10, mradi isiunganishwe na intaneti. Kumbuka kwamba virusi huja pia kwa flashi. Kagua kila flashi ya mteja kwenye kompyuta yenye kinga kabla ya kuichomeka hapo.

Ukilazimika kununua

Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni za mitumba kutoka Ulaya, nazo nyingi ni nzuri. Lakini zilizoshindwa kupanda Windows 11 huko nje ndizo sasa zinazouzwa kwa wingi kwa bei ya kuvutia. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni ya kizazi cha 6. Usitegemee jina la modeli wala kibandiko cha Windows 11. Washa laptopu mbele ya muuzaji, fanya kipimo kilichoelezwa hapo juu, na uombe risiti yenye muda wa dhamana.

Kompyuta iliyokufa isichomwe wala kutupwa jaani. Ndani yake mna risasi na kemikali nyingine zinazoharibu udongo na maji ambayo watu na mifugo hutumia. Iweke kando hadi utakapopata wanaokusanya taka za kielektroniki. Ukiwa unaiuza au kuitoa, ondoa diski au uombe fundi aifute kabisa.

Kwa wateja na wenye saiba

Mteja, unayo haki ya kuuliza kama kompyuta unayopewa bado inapata masasisho. Ikiwezekana, fungua eCitizen au iTax kwa simu yako na utumie saiba kuchapisha tu. Ukilazimika kutumia kompyuta ya saiba:

- Andika nywila mwenyewe, usimtajie mhudumu.
- Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa.
- Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha ufute nakala zako kwenye folda ya "Downloads".
- Badilisha nywila ukifika kwenye simu yako.
- Hakikisha akaunti yako ina namba yako ya simu na barua pepe yako, si za mhudumu.

Mwenye saiba, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka yeyote anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Kompyuta isiyo na kinga, iliyojaa nakala za vitambulisho vya wateja, inaweza kukuletea lawama. Pia epuka programu za kuvunja leseni. Mara nyingi hizo ndizo hubeba virusi.

Jihadharini na matapeli

Mabadiliko haya yamewafungulia matapeli mlango. Microsoft haikupigii simu kukuambia kwamba kompyuta yako ina virusi. Onyo linalojaza skrini na kukutaka upige namba fulani ni la uongo: funga kivinjari, au zima kompyuta. Usimpe mtu usiyemjua ruhusa ya kuiendesha kompyuta yako akiwa mbali, na usimtajie mtu yeyote PIN ya M-Pesa wala namba ya siri uliyotumiwa kwa ujumbe.

Ukishambuliwa, ondoa kompyuta kwenye intaneti mara moja, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, kisha uripoti. Mashambulizi ya mtandaoni hupokelewa na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT/CC kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ukiibiwa pesa, ripoti kwa kampuni ya simu au benki, na katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Malalamishi kuhusu matumizi mabaya ya taarifa zako yapelekwe kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wiki hii, anza na mambo mawili: nakili faili zako, kisha uandike winver uone ulipo. Ukishajua, chagua njia moja kati ya hizo nne.