Kiranja, Kiongozi na Kujitolea: Maneno Matatu ya Malezi ya Wanafunzi

Katika shule za sekondari za Afrika Mashariki, kila panapozungumzwa malezi ya uongozi husikika maneno matatu: kiranja, kiongozi na kujitolea. Maneno hayo yamezoeleka hata asili zake zakaribia kusahauliwa; nazo zikichunguzwa, zaonyesha kwa nini mwanafunzi hujifunza uongozi katika kazi ya kijiji kuliko katika ua wa shule.

Kiranja wa shule ni mwanafunzi aliyekabidhiwa madaraka juu ya wenzake. Lakini jandoni, kiranja ni mwari anayetangulia kutahiriwa. Heshima yake haikutokana na kuamuru, bali na kuyaonja maumivu kwanza. Kiongozi naye, katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, alikuwa mtu aliyetangulia njiani na kuwaonyesha wapagazi mahali pa kupita. Katika maneno yote mawili, kutangulia ndiyo maana ya msingi.

Neno kujitolea lahitaji uangalifu zaidi. Katika kujipikia na kujinunulia, kirejeshi ji humtaja anayefaidika, naye ni mtenda mwenyewe. Kujitolea kuna umbo lile lile, lakini anayefaidika ni mwingine. Mtenda ndiye anayetolewa. Basi yafaa kulifahamu kuwa latokana na kujitoa, yaani kuitoa nafsi, kisha likatiwa kauli ya kutendea ili kuonyesha jambo ambalo nafsi hiyo imetolewa kwa ajili yake. Mwalimu aweza kumtoa mwanafunzi darasani akafagie zahanati. Lakini haisemwi kwamba "amemjitolea". Sarufi yenyewe yakataa.

Tofauti hiyo yaonekana wazi mwanafunzi avukapo ua wa shule. Ndani ya ua, kiranja husema "Fagieni!" nao wadogo wake wakafagia. Kisimani, mbele ya watu wazima, amri hiyo haina nguvu, tena ni utovu wa adabu. Hapana budi aanze kwa "Shikamoo", kisha aseme "Tuchimbe hapa", naye ashike jembe kwanza. Kutoka "fagieni" hadi "tuchimbe" ni hatua ndogo ya sarufi, lakini ni hatua kubwa ya malezi: msemaji amejihesabu miongoni mwa watendaji.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni kampeni ya kufuta ujinga nchini Tanzania. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua kufikia 39. Wengi wa waliofundisha hawakuwa walimu kwa kazi yao, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi. Kijana aliyesimama mbele ya watu wa umri wa babu zake hakuweza kuwapigia kengele wala kuwaadhibu waliochelewa. Kama somo halikuwafaa, hawakurudi kesho yake. Uongozi wake ulipimwa kwa kurudi kwao.

Hata hivyo, neno kujitolea liko hatarini. Maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, yaliyotolewa Machi 1967, yalitaka kazi iwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kuipanga. Pale shamba lilipogeuzwa kuwa adhabu ya wakosaji, mwanafunzi alijifunza kinyume chake: kwamba mkubwa ni yule asiyeshika jembe. Vivyo hivyo, kazi iliyopangwa na mwalimu, ikaandikwa katika orodha, na asiyefika akachapwa, huenda ikawa kazi njema. Lakini ikiitwa ya kujitolea, neno limedhulumiwa, na kijana amefundishwa kutoyaamini maneno ya wakubwa wake.

Si kila kazi ya pamoja lazima iwe ya hiari. Msaragambo wa Wapare na Wasambaa ni wajibu wa kijiji, nao una jina lake na heshima yake. Shule ikitaka wajibu, na iuite wajibu. Ikitaka viongozi, na iwaachie wanafunzi nafasi ya kuchagua kazi, kuipanga, na hata kukosea; kwani hakuna awezaye kutangulia mahali ambapo amesukumwa.