Chunga Diski Yako Isipate Moto



Unajua kuchunga kofia yako, viatu vyako na taa yako. Lakini kuna chombo kimoja kidogo kinachoingia katika mfuko wa shati, na wengi wetu hukiweka popote. Ni ile diski ya nje inayoitwa SSD. Ndani yake mna vipimo vya mashimo ya kuchoronga, hesabu za baruti, ripoti za ajali, na vipimo vya vumbi unalovuta kazini. Huenda mna pia picha ya mapafu yako. Siku utakapougua na kudai haki yako, daktari atataka kuona picha ya mwaka wako wa kwanza. Diski ikipoteza picha hiyo, utaonyesha kwa nini kwamba uliingia kazini ukiwa mzima?

Kwa watu wa Ubundu jambo hili ni zito zaidi. Mji huu uko karibu kabisa na Ikweta, kando ya mto Lualaba, juu ya maporomoko ya Boyoma. Reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906 kwa sababu meli hazikuweza kupita penye maporomoko hayo. Leo nako, mafaili makubwa hayapiti kirahisi kwenye intaneti ya msituni. Mtu huyabeba mwenyewe mpaka Kisangani. Diski moja huweza kubeba kazi ya miezi mingi.

JOTO LINATOKA WAPI?

SSD haina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Wengine hudhani kwamba kwa hiyo haipati moto. Sivyo. Umeme ukipita ndani yake, hasa wakati wa kuandika mafaili mengi mfululizo, sehemu ya umeme huo hugeuka joto. Ganda la chuma ndilo mlango wa kutolea joto hilo. Ukiligusa na kuliona vuguvugu, usiogope, linafanya kazi yake. Lakini ukishindwa kuacha kidole juu yake, joto limezidi. Ipumzishe.

SSD nyingi zikipata moto sana hupunguza mwendo zenyewe ili zisiharibike. Kazi iliyokuwa ya dakika tano huchukua nusu saa. Hapo ndipo mtu mwenye haraka huchomoa waya. Hatari kubwa iko hapo: faili hukatika katikati, na pengine orodha yote ya mafaili huharibika.

Hata diski iliyolala kabatini huumizwa na joto. SSD hushika maandishi kwa chaji ndogo sana za umeme, na joto huzifanya zivuje polepole. Kipimo cha shirika la kimataifa JEDEC chasema hivi: SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa uwezo wake wa kuandikiwa inatakiwa kushika maandishi mwaka mmoja bila umeme, katika joto la digrii 30. Joto likipanda, muda huo hupungua. Diski mpya huvumilia zaidi, lakini stoo ya mabati wakati wa mchana hupita digrii 30 upesi.

FANYA HIVI

1. Weka diski juu ya meza ngumu, penye kivuli na hewa. Usiiweke kitandani, juu ya nguo, wala mahali kompyuta inapotolea hewa ya moto.

2. Itoe katika mfuko wake kabla ya kuitumia. Ganda la mpira lililowekwa na kiwanda usilibandue.

3. Kazi kubwa ya kunakili ifanye asubuhi mapema au usiku. Igawe mafungu, na kati ya fungu na fungu acha diski ipoe.

4. Feni ndogo inatosha. Usitumie friji, barafu wala kitambaa chenye maji. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Chombo cha baridi kikitolewa nje hutoka jasho kama chupa ya bia, na maji huingia katika tundu la waya.

5. Ukisafiri kwa pikipiki, usiifunge juu ya tangi wala karibu na ekzosi. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Iweke katikati ya begi, ikiwa imepoa. Ukifika, iache kivulini kwanza, kisha uichomeke.

6. Kazi ikiisha, iambie kompyuta iiachie diski, ngoja jibu, ndipo uchomoe waya.

7. Diski ya akiba ikae katika chumba chenye ubaridi na kisicho na unyevu. Kila miezi michache ichomeke, fungua mafaili na uyakague. Nakala ya pili iwe katika nyumba nyingine, maana hakuna feni inayozuia mwizi wala moto wa nyumba.

8. Soma karatasi iliyokuja na diski. Humo kiwanda kimeandika joto kinaloruhusu.

NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Meza moja, kivuli na feni ni gharama ndogo kuliko kuchoronga shimo mara ya pili. Picha ya mapafu ya mwaka uliopita haipigwi tena kwa fedha yoyote. Karani akikuambia, "Mkubwa, diski imepata moto, tungoje kidogo," usimkaripie. Anachunga kazi ya kampuni na afya ya wenzake.

Nawe ndugu msomaji, leo kabla ya kutoka kazini, gusa diski ya ofisi yenu. Kisha uliza nakala yake ya pili iko wapi.