Maneno ya Mtihani na Mahali Pake

Wazazi wenzangu, mwana wa ndugu yangu ataka kwenda kusoma Marekani, na kila usiku alikuwa akihifadhi maneno 30 ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa SAT. Asubuhi hakubaki nayo hata kumi. Kitabu chake kilikuwa cha kale. Zamani mtihani huo uliuliza maneno matupu, lakini maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 1994, na ya kulinganisha jozi za maneno mwaka 2005. Leo mtahiniwa hupewa kifungu kifupi, akaulizwa neno fulani hapo lina maana gani, au lipi lafaa kujaza pengo.

Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini jambo hili nalijua. Neno la Kiarabu ain ni jicho, tena ni chemchemi. Jumla ndiyo iamuayo. Vivyo hivyo novel: aliyehifadhi “kitabu cha hadithi” tu atababaika alikutapo kwa maana ya “kipya”.

Sasa kijana huandika maneno matano, kila moja na sentensi alimolikuta, na baada ya Magharibi mamaye humsikiliza, daftari limefungwa.