Bendi ya Witch: Roki ya Zambia ilivyopanda na kushuka pamoja na shaba

MUZIKI wa roki haukuzaliwa Afrika, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa miji ya migodi nchini Zambia waliutwaa wakaufanya wao. Miongoni mwa bendi zilizovuma wakati huo, Witch ndiyo iliyotia fora. Safari yake inaonyesha jinsi riziki ya msanii inavyofungamana na uchumi wa nchi yake.

Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964, ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani. Madini hayo ndiyo yaliyoiletea nchi zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka ng'ambo. Katika miji ya jimbo la Copperbelt kama vile Kitwe na Ndola, wachimba migodi walilipwa mshahara wa kila mwezi, nao walihitaji mahali pa kujiburudisha. Kumbi zilifurika, na bendi zikachipuka kama uyoga.

Rais Kenneth Kaunda naye alizipiga jeki alipoagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Vijana waliozoea kuiga nyimbo za Rolling Stones na Jimi Hendrix hawakuwa na budi kutunga zao. Mtindo huo, uliokuja kujulikana kama Zamrock, ulichanganya mngurumo wa gitaa za umeme na midundo ya nyumbani.

Mwimbaji wa Witch alikuwa Emanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Pamoja naye walikuwa Chris Mbewe na John Muma waliopiga gitaa, Gedeon Mulenga aliyeshika besi, na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Maadamu Zambia haikuwa na kiwanda cha santuri wakati huo, santuri zao za mwanzo zilitengenezewa Nairobi. Albamu yao ya 1975, Lazy Bones!!, ingali inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za mtindo huo.

Hata hivyo, neema hiyo haikudumu. Bei ya shaba, iliyofika kileleni mwaka wa 1974, ilipungua kwa zaidi ya nusu katika muda usiofika miaka miwili, ilhali mafuta yalikuwa yamepanda bei. Fedha za kigeni zikaadimika, na vyombo vya muziki vikawa ghali. Wachimba migodi nao wakabana matumizi.

Vita vya ukombozi nchini Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, viliongeza chumvi kwenye kidonda. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, na kwa sababu hiyo ikashambuliwa. Amri za kutotoka nje usiku ziliua biashara ya kumbi, na baadhi ya maonyesho yakahamishiwa alasiri. Kisha likaja disko. Mwenye ukumbi aliona heri kucheza santuri kuliko kulipa wanamuziki watano.

Chanda aliacha bendi akawa mwalimu, na baadaye akaingia katika uchimbaji wa vito. Waliobaki waligeukia disko wakiwa na mpiga kinanda Patrick Mwondela, lakini katikati ya miaka ya 1980 bendi ilinyamaza. Ukimwi uliwaangamiza wanamuziki wengi wa kizazi hicho.

Kilichoifufua Witch ni santuri zilizosalia. Wakusanyaji wa muziki wa kale ng'ambo walizisaka, na mwaka wa 2012 kampuni ya Now-Again Records ya Marekani ikatoa upya albamu za bendi hiyo. Filamu kuhusu maisha yao ilifuata mwaka wa 2019. Chanda na Mwondela, wakishirikiana na wanamuziki vijana kutoka Ulaya, walitoa albamu ya Zango mwaka wa 2023 na Sogolo mwaka wa 2025. Mwaka wa 2024, mwanamuziki wa Marekani Tyler, The Creator alitumia kipande cha wimbo wa Ngozi Family, bendi nyingine ya Zamrock, katika kibao chake Noid.

Lakini mavuno hayo yalichelewa mno. Witch iliporejea jukwaani, Chanda ndiye pekee wa kikosi cha awali aliyekuwa hai. Wenzake wanne walifariki kabla ya kuona nyimbo zao zikipigiwa makofi Ulaya na Marekani.