Elimu ya Nyikani: Si Matembezi, Ni Somo

Mtoto aletapo nyumbani barua ya shule inayoomba ruhusa ya kwenda kambini, swali la kwanza la wazazi walio wengi huwa ni gharama. Sisi twaona lipo swali linalotangulia: huko aendako, atafundishwa nini? New Zealand ililijibu swali hilo ndani ya mtaala wake wa taifa, na jibu lake lafaa kuzingatiwa na kila familia.

Mtaala wa nchi hiyo wa mwaka 2007 uliiweka elimu ya nyikani, yaani mafunzo yatolewayo milimani, misituni, mitoni na baharini, kuwa moja ya maeneo 7 ya somo la Afya na Elimu ya Viungo. Maeneo hayo, yakiwemo lishe na afya ya akili, yalitakiwa kufundishwa katika shule za msingi na za sekondari. Makusudio ya elimu ya nyikani ni matatu: kumjenga mwanafunzi katika nafsi yake na katika kuishi na wenziwe, kumpa stadi za kuwa salama akiwa nje, na kumfunza kuyatunza mazingira.

Elimu hiyo hutofautishwa na masomo yanayofanyika nje ya darasa tu. Wanafunzi wakienda makumbusho kusoma historia, somo lao hubaki kuwa historia. Katika elimu ya nyikani, mto, mvua na mwenzio mliyefungwa naye kamba moja ndiyo mafunzo yenyewe.

Msingi wa somo hilo umechotwa kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwao neno hauora hubeba maana ya uzima wa mwili, wa akili na hisia, wa jamaa, na wa roho. Mzazi Mwislamu hatalishangaa wazo hilo.

Hata hivyo, malengo mema pekee hayamlindi mtoto. Tarehe 15 Aprili 2008, wanafunzi 6 na mwalimu wao mmoja walifariki katika korongo la Mangatepopo, mto ulipofurika ghafla wakiwa mafunzoni. Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni zinazowataka waendeshaji wa shughuli za namna hiyo kukaguliwa usalama wao na kusajiliwa.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi wasikatae kwa hofu, wala wasitie saini kwa haya. Jambo likiitwa somo, mzazi ana haki ya kulihoji kama somo. Ulizeni: lengo ni lipi? Nani anaongoza, na ana ujuzi gani? Mvua ikinyesha, nani ana mamlaka ya kuahirisha? Kisha ulizeni kuhusu nyakati za sala, chakula cha halali, na malazi ya wasichana na wavulana. Shule iliyojiandaa haitaona uzito kujibu.