Usimshitaki Jirani, Fungua Dirisha!

Ndugu msomaji, umemaliza nyumba yako hapa Katanika. Asubuhi fundi amepaka rangi ya mafuta, seremala amebandika tripleksi za plafo kwa kole. Jioni munaingiza kitanda, mama na mtoto mchanga wanalala humo humo. Madirisha munayafunga kwa sababu ya wezi na mbu. Kukicha, kichwa kinauma, macho yanawasha, mtoto amekohoa usiku mzima. Ndipo mutu anasema: "Jirani ametuloga, ana wivu na nyumba yetu!"

Ngoja kwanza. Je, umechunguza hewa ya chumba?

Rangi ya mafuta, verni na kole zina dawa za majimaji zinazogeuka mvuke wakati wa kukauka. Harufu ile ndiyo mvuke wenyewe. Tena kole iliyoshikanisha tripleksi mara nyingi hutoa gesi iitwayo fomaldehidi, si siku moja tu, hata miezi. Joto na unyevu, kama huku kwetu kando ya ziwa, vinaizidisha. Mwaka 2004 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni waliitia kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu.

Usifikiri ni mambo ya Kalemie tu. Mwaka 2005 tufani Katrina ilibomoa nyumba nyingi kule Marekani, na serikali ikawapa watu vijumba vya magurudumu. Wengi wakalalamika juu ya macho na pumzi. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 vikapimwa vijumba 519: fomaldehidi ilipita kiasi cha kawaida cha nyumba. Watu wakashauriwa kutoka mbele ya majira ya joto.

Basi, ufanye nini?

• Paka rangi wakati wa kiangazi, milango na madirisha wazi. Ukiweza, chagua rangi ya maji.
• Acha chumba kipigwe na upepo siku nyingi mbele ya kulala humo. Kama usiku ni lazima kufunga, mulale kwingine kwanza, zaidi watoto na mama mwenye mimba.
• Makopo ya kole na rangi yafungwe vizuri, yakae inje, mbali na moto.
• Mtoto akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya upesi.

Baba, haraka ya kuhamia ni ya siku chache. Kifua cha mtoto ni cha maisha yote. Na jirani yako, mwache kwa amani.